Miguu ya Mtakatifu Anna

Élisabethville, Katuba
Tarehe 7 Agosti 1955

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa magoti na kwa makofi ya taratibu, kama vile ningekuwa pale mlangoni pako Pweto na wewe umeketi kwenye kiti chako cha kamba. Umeamkaje? Mgongo unasemaje siku hizi za baridi? Kaka Faustin na watu wa nyumba yake wanaendeleaje, na vichanja vya samaki vimejaa? Namsalimu pia katekista Adrien anayekusomea barua hii. Adrien, nakuomba usome yote kama yalivyoandikwa, usiruke pale utakapoona Baba anakunja uso. Nakujua.

Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako Mwaba ameota meno mawili ya chini na anauma kila kinachopita karibu naye, hata kidole cha Padre Gérard wa kapela yetu. Mimi nimepata nguvu zangu zote baada ya uzazi. Mama naye ni mzima, tena amenenepa kidogo, ingawa amenikataza kuandika neno hilo.

Barua yako ilifika. Mwandiko ni wa Adrien lakini hasira ni zako mwenyewe, nilizitambua tangu mstari wa kwanza. Unasema Mama alikuja kunisaidia uzazi tu, mvua zikiwa bado zinanyesha, na sasa nyasi zimekauka, baridi imeingia, naye harudi. Unasema unajisongea bukari mwenyewe na unaila imeungua. Unauliza kama mume wangu, yule fundi matofali, amemfunga kamba. Nilipomsomea Mama maneno hayo alicheka sana kuhusu bukari, kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko peke yake, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Ana hamu nawe, Baba. Amebaki kwa sababu ya kazi, na kazi yenyewe ni lazima nikueleze vizuri, maana mwisho wake unakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Najua ulivyoapa. Liévin alipokuja kunioa alikuahidi mambo mawili: kwamba atakaa kwako msimu mmoja akushikie jembe, na kwamba mtoto wetu wa kwanza atazaliwa Pweto, mikononi mwa Mama. Hakuna hata moja lililotimia. Mkubwa wake wa kazi alimnyima ruhusa ya kutoka mjini, na mtoto hakungoja ruhusa ya mtu. Wewe ukasema basi, mkwe ambaye hujaona jasho lake hutamwingiza nyumbani. Mama hatampikia vyakula vyetu vyote na kumfunulia chungu kimoja kimoja, kama inavyotakiwa, na kwa hiyo Liévin ataendelea kuinamisha macho mbele ya Mama, mkwewe. Hatakula naye, hatamtazama usoni, hata kama wote wawili watazeeka katika ua mmoja. Sikukulaumu, Baba. Lakini mimi ndiye niliyekaa katikati, na nimelia mara nyingi kwa ajili ya jambo hilo.

Sasa fikiria nyumba yetu, vyumba viwili na ua mdogo, halafu Mama akafika na mizigo yake. Liévin akirudi kutoka kazini anakohoa kutoka njiani ili Mama apate kujificha. Mama akitaka kwenda chooni ananituma kwanza nikaangalie njia. Mwishowe nilichoka, nikafunga waya kutoka pembe ya jiko hadi kwenye ukuta wa jirani, nikatundika mkeka mkubwa katikati ya ua. Upande huu Liévin, upande ule Mama. Mkeka haukufika chini kabisa, ulibaki wazi kiasi cha shibiri, na hapo ndipo lilipoingia jambo lote ninalokuandikia.

Kwa kuwa hawawezi kusemezana, kila kitu kilipitia kwa Mwaba. Baada ya kula, Liévin alikuwa anamwinamia mtoto aliyelala na kumwambia, "Mwaba, ambia nkambo yako aksanti, sombe ya leo ilikuwa muzuri sana." Na Mama kutoka ng'ambo anajibu kwamba Mwaba amwambie tata yake chumvi imekwisha. Mtoto mwenyewe anakoroma. Nadhani hakuna mtoto mchanga Katuba nzima aliyewahi kubeba ujumbe mwingi kama mjukuu wako huyu.

Basi, kuhusu kazi. Kapela ya mtaa wetu ni ya Mtakatifu Anna, na Liévin ni mmoja wa mafundi walioijenga. Padre Gérard alitaka ukuta wa nje, ule wa pembeni mwa mlango, uwe na picha ya Anna na mumewe Yoakimu, wazazi wa Bikira Maria. Rangi ilipakwa mwaka juzi, mvua ya kwanza ikaibabua. Liévin akawaza sana. Siku moja aliona rundo la chupa zilizovunjika nyuma ya baa, jua linazipiga, akaja nyumbani amebeba gunia la chupa mgongoni, amefurahi kupita kiasi. Alisema chupa hainyauki wala haioshwi na mvua, kwa hiyo atamchora Anna kwa vipande vya chupa ndani ya simenti.

Kuanza kulikuwa aibu tupu. Alifunga chupa ndani ya gunia na kuipiga nyundo, zikatoka ncha ndefu kama miiba ya samaki, nyingine kubwa, nyingine vumbi. Alijikata, akajaribu tena, akajikata tena. Mama alikuwa anamsikia kutoka nyuma ya mkeka, siku nyingi, na unamjua mkeo: hawezi kusikia mtu akitwanga vibaya akanyamaza. Akamwambia Mwaba amwambie tata yake aache kelele, chupa haipondwi ikiwa na nguvu zake. Akamsimulia Mwaba jinsi kioo cha moto cha taa yetu kule Pweto kilivyopasuka siku ile mvua ilipodondoka juu yake kupitia paa.

Tangu siku hiyo kazi ya kuvunja ikawa ya Mama. Anaweka chupa kwenye makaa mpaka zinawaka joto, kisha anazitumbukiza kwa koleo ndani ya pipa la maji baridi. Unasikia mlio mdogo mdogo, na chupa inatoka ikiwa bado na umbo lake lakini imejaa nyufa, ukiigusa tu inamwagika kuwa punje. Ndipo anazitwanga ndani ya kipande cha bomba la chuma, siyo kwenye kinu, usiogope. Anazilowesha kila mara, kama mtu anayenyunyizia sakafu kabla ya kufagia, ili vumbi la chupa lisiruke likaingia kifuani, na pua yake ameifunga kitambaa. Mwaba haruhusiwi kukaribia wakati huo. Baadaye punje zinaingia ndani ya debe pamoja na mchanga mbichi, debe linafungwa na kulazwa chini, na Mama anaketi na mjukuu mapajani akilisukuma debe huku na huku kwa mguu wake wa kushoto, mpaka makali yote yanakufa. Ukishika punje zake mkononi hazikukati.

Kisha anachekecha. Hapo Mama amewashinda wote, maana amechekecha unga wa muhogo maisha yake yote. Anapata mafungu matatu, na majina ameyapa yeye mwenyewe kwa ukubwa wa punje: mahindi, chumvi na bunga, laini kama unga. Na hapo, Baba, waligundua jambo ambalo Liévin bado analisimulia kwa kila mtu. Chupa ya bia ni ya kahawia, sivyo? Ukiivunja kwa ukubwa wa punje za mahindi, inabaki nyeusi nyeusi. Ukiifanya chumvi, inakuwa kama chai. Ukiisaga mpaka ikawa bunga, inageuka nyeupe ya maziwa yenye kahawa kidogo tu. Chupa ni ileile. Kwa hiyo ngozi ya mtu yote, kuanzia kivuli cha chini ya kidevu mpaka mng'ao wa paji la uso, inatoka kwenye chupa moja ya bia na chekecho la mkeo. Liévin alipoliona hilo alikaa chini kwenye vumbi. Akamwambia Mwaba, "Ambia nkambo yako miye siko fundi tena. Fundi iko yeye."

Rangi nyingine zilitafutwa. Kijani ni chupa za divai, buluu ni chupa ya dawa ya tumbo, nyeupe ni vikopo vya kioo vya krimu ya uso ambavyo majirani walinitunzia. Nyekundu ilitusumbua mpaka Constantin, binamu wa Liévin anayefanya kazi kwenye reli, alipotuletea kioo chekundu cha taa ya treni kilichopasuka. Kikatosha pindo la kikwembe alichojifunga Anna na si zaidi.

Ukutani Liévin anafanya sehemu ndogo kila mara, kiasi anachoweza kukimaliza kabla simenti haijakauka. Kwanza simenti, juu yake chokaa nyeupe laini, maana simenti tupu inaua mwanga wa chupa na picha inakuwa kama matope. Anabandika karatasi yenye picha iliyotobolewa matundu madogo, anaipiga kwa kitambaa chenye unga wa makaa, mistari inatokea. Halafu anapandikiza punje za mahindi kwa vidole, anajaza chumvi katikati, ananyunyiza bunga mwishoni, na kukandamiza kwa ubao. Ukavu wa msimu huu unakausha haraka, kwa hiyo jioni mimi nafunika yote kwa magunia yenye maji. Asubuhi anapitisha kitambaa, chokaa iliyozidi inatoka, na chupa inafunguka macho. Watu wanaoenda sokoni wanasimama.

Kikwembe kikaisha, mikono ikaisha, miguu ikaisha. Uso ukamshinda. Mara ya kwanza ukatoka unafanana na Padre Gérard aliyefungwa kitambaa kichwani, na wanawake wa mtaa walicheka mpaka Padre akaja kujiangalia mwenyewe. Liévin akaukwangua wote. Mara ya pili ukawa uso wa mtu asiye na mtu. Nikamwambia, Anna ni mama wa mama, ni nkambo, mfanye kama Mama. Akanitazama kwa huzuni sana, Baba. Akaniuliza atawezaje kufanya uso ambao hajauona hata siku moja. Nilijaribu kumweleza: mashavu yako hivi, pengo la meno liko hapa. Nikaona kwamba sijui kueleza uso wa mama yangu mwenyewe, nami nimeutazama tangu kuzaliwa.

Kisha Mama akaenda misa. Alikuwa hajauona ukuta bado, kwa sababu Liévin alikuwa huko kila saa ya mapumziko. Siku hiyo Liévin alikuwa amesimama mbali na wanaume wengine. Mama alitazama kikwembe, akasifu pindo jekundu, akashusha macho mpaka miguuni, na hapo akainama. Na mimi nikatazama. Nikashtuka. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimepanda juu ya mwenzake. Juu ya mguu kuna kovu la shoka, lile alilolipata akipasua kuni mimi nikiwa tumboni. Ni miguu yake, Baba, kwa bunga na chumvi na mahindi. Liévin aliuona mguu ule kila siku chini ya mkeka, ukisukuma debe. Mtu aliyekatazwa uso alikuwa ameshika alichoachiwa.

Wanawake wawili wa kwetu, waliotoka Pweto, waliutambua pia. Wakashika midomo. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mkwe amemvua mkwewe mbele ya kanisa. Mama alirudi nyumbani akitangulia mbele yangu, akakunja bikwembe vyake, akavifunga mzigo, akauweka mlangoni. Debe halikusukumwa. Mwaba hakutumwa ujumbe wowote. Liévin hakula. Aliniambia kwamba kesho atauponda ukuta wote, na kwamba mimi nikitaka kurudi kwa Baba pamoja na Mama, hatanizuia, kwa kuwa amevunja heshima ya nyumba yetu na sasa hutamwingiza kamwe. Nilimnyonyesha mtoto. Niliona ndoa yangu imefika mwisho, na yote kwa sababu ya kidole kimoja cha mguu.

Sasa Adrien, pumua, umpe Baba maji ya kunywa, kisha usome polepole.

Asubuhi Liévin alikuwa ameketi uani kwenye tofali, nyundo kubwa iko kando yake, ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa jikoni na niliona yote. Mama aliushika mkeka kwa upande, akaufungua kama mlango, akapita. Hakukohoa, hakujifunika. Akaketi kwenye tofali jingine mbele ya mume wangu, magoti karibu yaguse magoti, akageuza uso kuelekea jua. Halafu akasema, safari hii bila kumpitia Mwaba: "Inua macho, mutoto wangu. Angaria muzuri. Ukiisha kumaliza, utainamisha tena." Liévin aliinua macho. Alimtazama Mama muda mrefu, machozi yanamtoka na hayafuti, na Mama hakugeuka pembeni hata kidogo. Alifungua mdomo kidogo amwonyeshe pengo. Kisha akainuka, akarudi upande wake, akafunga mkeka, na baada ya muda nikasikia debe linaanza kuviringika.

Hilo ndilo lililokuwa halijakufikia, Baba. Mama amejifunua kwa mkwe ambaye wewe hujamwingiza. Hakuniomba nifiche, ila alitaka ulisikie kutoka kwangu kabla wale wanawake hawajalifikisha Pweto kwa namna yao. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kwamba jasho ulilokuwa unalitaka wewe amelisikia yeye, msimu mzima, kupitia mkeka. Anasema kama ni kutumikiana, yeye ndiye amemtumikia mkwe, na mikono imemchoka. Na anasema mtu aliyeitazama miguu yake kwa heshima kiasi kile hawezi kuuharibu uso wake. Lakini mlango ni wako wewe. Amerudisha mkeka kwa sababu hiyo, na Liévin ameinamisha macho tena kama mwanzo. Hawajala pamoja. Mama amefungua mzigo wake, lakini amesema hatarudi Pweto peke yake, wala hatapika vile vyungu vya kumwingiza mkwe bila wewe kuketi pale.

Uso wa Anna umekwisha. Jumapili iliyopita ulibarikiwa. Ni Mama, Baba. Ni Mama pale anapotaka kukuchapa maneno na kicheko kinamshinda. Hata mwanamke yule aliyesema kuhusu kuvuliwa alisimama mbele yake, kisha akamwomba Liévin amtazame na yeye.

Yoakimu bado hana uso. Ni chokaa nyeupe tu, na watoto wa katekisimu wanasema amejipaka sabuni, anangoja kunyolewa. Padre alitaka tumwekee uso wowote wa mzee, Mama akakataa mbele ya watu wote. Bunga la kahawia lipo tayari, ndani ya kopo, amelichekecha yeye mwenyewe na haruhusu mtu aliguse. Nauli ya lori ameweka Constantin, na atakupokea. Njoo, Baba. Njoo hata ukiwa na hasira, maana Mama anasema uso wako wa hasira ndio wenye mikunjo mizuri. Kama utaona tumekosa, useme wewe mwenyewe mbele ya ukuta, nasi tutakubali. Kama utaona vingine, vyungu vipo.

Jambo moja la mwisho. Siku Liévin alipokuja kwako kuniomba, alipiga magoti mbele yako na hakuthubutu kuinua kichwa mpaka mazungumzo yakaisha. Unakumbuka, ulimwacha hapo jua likahama. Jana nilikwenda ukutani nikamkuta ameshamaliza sehemu ya chini ya Yoakimu. Kidole gumba cha kulia kina kucha nyeusi iliyokufa, na juu ya kifundo kuna alama ya kamba ya wavu. Nilipiga magoti palepale barabarani. Miguu yako imeshafika Élisabethville, Baba. Umebaki wewe kuifuata.

Mama anakusalimu na anasema uweke maji mengi zaidi kabla ya kutia unga. Mwaba anakuuma kidole kwa mbali. Liévin hakusalimu kwa jina lake mwenyewe kwa sababu ya heshima, lakini yupo hapa kando yangu anaitazama kalamu. Wasalimie wote wa nyumbani, mmoja mmoja. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mtoto wako anayekupenda,

Constance Mutale